Tahadhari Kabla ya Giza: Jinsi ya Kupanga Akiba ya Umeme wa Jua Nyumbani

Mtu aliyefikwa na dharura usiku huhitaji vitu viwili kabla ya vingine vyote: mwanga wa kumwezesha kuona, na simu yenye chaji ya kumwitia msaada. Katika nyumba nyingi za mpakani mwa Uganda, kuanzia Mutukula hadi Busia, vyote viwili hutegemea paneli ya sola iliyo juu ya paa. Mawingu ya mvua za Machi hadi Mei yakitanda siku mbili mfululizo, betri huisha, na nambari za polisi, 999 na 112, hazina faida kwa mwenye simu iliyozimika. Somo hili linaeleza jinsi familia inavyoweza kujiwekea akiba mapema.

1. Tenganisha ya lazima na ya starehe

Orodhesha vifaa ambavyo havipaswi kuzimika kamwe. Zidisha wati za kila kifaa kwa saa kinazotumika kwa siku. Jibu ni wati-saa. Tuchukue mfano wa nyumba moja:

- Taa 4 za wati 5, saa 5: wati-saa 100
- Taa 1 ya nje ya wati 5, saa 12: wati-saa 60
- Simu 3, takriban wati-saa 15 kila moja: wati-saa 45
- Redio ya wati 5, saa 5: wati-saa 25

Jumla ni wati-saa 230 kwa siku. Televisheni ya wati 50 ikitazamwa saa 4 huongeza wati-saa 200, yaani karibu sawa na mahitaji yote ya lazima. Ndiyo maana siku ya mawingu televisheni huzimwa kwanza.

Iangalieni pia inveta. Inapowashwa hula umeme hata kama hakuna kifaa kinachotumika. Ikila wati 10 tu mchana na usiku, itameza wati-saa 240, zaidi ya orodha yetu nzima. Kwa hiyo mwombe fundi aziunganishe taa za lazima na chaji ya simu moja kwa moja na umeme wa volti 12 kupitia kidhibiti chaji, ili inveta iweze kuzimwa bila nyumba kuingia gizani.

2. Pima betri kwa siku mbaya

Panga kwa siku mbili zisizo na jua la kutosha: 230 mara 2 ni wati-saa 460. Betri ya asidi huharibika upesi ikitumiwa kupita nusu ya uwezo wake. Hivyo tunahitaji yenye wati-saa 920 au zaidi. Betri ya volti 12 na ampea-saa 100 ina wati-saa 1,200, nayo inatosha. Betri ya asidi iliyotulia ikionyesha takriban volti 12.2, imebaki nusu: zimeni vyote visivyo vya lazima.

3. Paneli iweze kurudisha kilichotumika

Hapa wengi hukosea. Paneli ya wati 100, penye jua zuri la saa 4, hutoa takriban wati-saa 300 baada ya upotevu. Nyumba yetu ikitumia 230, hubaki 70 tu, na betri iliyoshuka itachukua wiki nzima kujaa. Mvua ikirudi kabla ya hapo, giza nalo litarudi. Paneli ya wati 200 itaijaza betri hiyo ndani ya siku mbili za jua.

4. Wekeni akiba ya pili iliyojitenga

Waya ukikatika au fyuzi ikiungua, betri kubwa haitawafaa. Wekeni taa moja ndogo ya sola yenye betri yake na tundu la kuchajia simu, mahali ambapo hata mtoto anaweza kuipata gizani.

Mwenye jenereta na azingatie onyo hili: moshi wake una kaboni monoksidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, nayo huua watu wakiwa usingizini. Jenereta isiwashwe kamwe ndani ya nyumba, stoo wala barazani, bali nje, mbali na milango na madirisha. Petroli isihifadhiwe chumba cha kulala wala jikoni.

5. Ilindeni mali yenu kwa alama na karatasi

Paneli na betri huuzika haraka, hivyo huwavutia wezi. Chongeni alama yenu kwenye fremu ya paneli, andikeni nambari za utambulisho wa vifaa, na hifadhini risiti mahali pengine. Vifaa vilivyonunuliwa ng'ambo ya mpaka vipitishwe forodhani na hati zake zitunzwe. Kabla ya kununua paneli iliyotumika, dai risiti na kitambulisho cha muuzaji, nawe umshirikishe mwenyekiti wa LC1. Kupokea mali ya wizi ukijua ni ya wizi ni kosa la jinai. Bei ya chini mno ni dalili ya kutosha ya kukufanya uulize.

Zoezi la familia

Jioni moja wiki hii, zimeni inveta kwa saa 3, kisha jibuni pamoja:

1. Ni taa ipi iliyobaki ikiwaka?
2. Ni simu ipi yenye chaji, na nani anajua nambari ya kupiga?
3. Akiba ya pili iko wapi?

Swali lililokosa jibu ndiyo kazi ya kuanza nayo kesho, jua likiwa bado linawaka.