Chura Mkubwa wa Uhindi

Watoto, ninyi nyote mmesikia vyura wakilia bwawani usiku. Leo tusome habari za chura wa mbali. Kwao ni Uhindi na nchi za jirani.

Umbo lake. Chura huyu ni mkubwa. Urefu wake huweza kufika sentimita 16. Mgongo wake ni wa kijani au wa kahawia. Miguu ya nyuma ni minene, yenye nguvu. Vidole vyake vimeunganishwa kwa ngozi, ndiyo makasia yake.

Maisha yake. Wakati wa kiangazi hujificha shimoni. Mwezi wa sita mvua kubwa zikianza, hutoka. Ndipo dume hugeuka rangi: mwili unakuwa wa njano, na mifuko miwili ya koo yake inakuwa ya buluu. Huijaza pumzi, akamwita jike kwa sauti kubwa. Jike hutaga mayai mengi majini. Mayai huzaa viluwiluwi wenye mkia, wanaopumua kama samaki. Baadaye huota miguu, mkia hupungua, nao hutoka majini.

Chakula chake. Hula wadudu, kaa, panya, hata vyura wengine. Katika shamba la mpunga ni mlinzi asiyelipwa mshahara.

Watu walimfanya nini? Zamani wafanya biashara walinunua miguu ya vyura na kuiuza Ulaya na Marekani, maelfu ya tani. Usiku watu walikwenda na taa kuwakamata. Mnunuzi alitaka miguu tu, mwili ulitupwa. Vyura wakapungua, na wadudu wa mashamba wakakosa adui. Fedha ya miguu iliingia kwa mkono mmoja, ikatoka kwa mwingine kununua dawa ya wadudu. Kwa hiyo mwaka 1987 serikali ya Uhindi ilikataza kuuza miguu ya vyura katika nchi za nje.

Lakini angalieni! Watu walimpeleka chura huyu katika visiwa vya Andaman. Huko si rafiki: viluwiluwi wake hula viluwiluwi wa vyura wenyeji. Mlinzi wa nyumba moja ni mwizi katika nyumba nyingine.

Maulizo
1. Dume hugeuka rangi gani, na wakati gani?
2. Kwa nini serikali ilikataza biashara ile?
3. Taja wadudu watatu wanaoliwa na vyura wa kwenu.