SOMO LA MITAMBO: PIMA PAMPU YA DIZELI, USIIBAHATISHE

Wakulima wengi katika skimu hutegemea lori, ama la mtu mwenyewe ama la chama cha ushirika. Ndilo linalopeleka maziwa asubuhi, na viazi na kabichi siku ya soko. Lori likilala, maziwa huchacha, na deni halingojei. Kwa hiyo yafaa kila mwenye lori, na kila mjumbe wa kamati, aelewe jambo moja linaloharibu injini nyingi. Nalo ni kugeuza pampu ya dizeli kwa kubahatisha.

Mara nyingi hutokea hivi. Lori linakosa nguvu mlimani. Mtu mmoja anasema, "Hebu tuisogeze pampu kidogo ipate nguvu." Nati zinalegezwa, pampu inasukumwa, injini inalia kwa ukali, na wote wanadhani imepona. Baada ya muda gasketi ya kichwa inapasuka, au pistoni inatoboka. Kazi ya dakika kumi imekula mapato ya maziwa ya miezi.

Somo hili ni la malori yenye pampu ya zamani inayoendeshwa kwa gia. Katika malori mengi mapya wakati wa mafuta hupangwa na kompyuta, na hayo yapelekwe kwa fundi mwenye chombo chake.

PAMPU INAFANYA KAZI GANI?

Injini ya petroli huwasha mafuta kwa cheche za plagi. Injini ya dizeli haina cheche. Pistoni huikandamiza hewa mpaka inabaki sehemu 1 kati ya 16 au hata zaidi, na hewa hiyo hupata joto kupita digrii 500 za Selsiasi. Hapo pampu husukuma dizeli kidogo kupitia nozeli, nayo huwaka yenyewe. Rudolf Diesel, mhandisi Mjerumani, aliendesha injini ya namna hii mjini Augsburg mwaka 1897. Kampuni ya Bosch ilianza kutengeneza pampu za dizeli kwa wingi mwaka 1927, na injini hizo zikaenea katika malori.

Dizeli haiwaki papo hapo inapoingia. Yahitaji muda mdogo wa kuchanganyika na hewa na kupata joto. Ndiyo sababu pampu huanza kusukuma kabla pistoni haijafika juu kabisa. Tuseme injini inazunguka mara 2,400 kwa dakika, yaani mara 40 kwa sekunde, na pampu imewekwa ianze digrii 20 kabla ya juu. Muda huo ni sekunde 1 iliyogawanywa mara 720. Sasa waona kwa nini sikio la mtu haliwezi kuupima.

DALILI ZA PAMPU ILIYOKOSEA

Mafuta yakiingia mapema mno, injini hugonga kwa sauti kali kama nyundo, na pengine hurudi nyuma wakati wa kuwashwa. Pistoni inapanda huku moto unaisukuma chini. Gasketi, beringi na pistoni ndizo zinazoumia.

Mafuta yakichelewa, injini ni ngumu kuwaka asubuhi, hutoa moshi mweupe ikiwa baridi, hukosa nguvu, hupata moto kupita kiasi na hula dizeli nyingi.

KWANZA TAFUTA SABABU NYINGINE

Pampu haitembei yenyewe. Ikiwa haikufunguliwa, nati zake zimekaza, na gia zake hazijalika, yaelekea ugonjwa uko mahali pengine. Kabla ya kushika spana, angalia haya:

1. Chujio cha hewa. Kikijaa vumbi, moshi huwa mweusi na nguvu hupungua.

2. Chujio cha dizeli. Je, limeziba? Lina maji?

3. Hewa ndani ya mabomba ya dizeli. Toa hewa yote kabla ya kulaumu pampu.

4. Nozeli. Nozeli mbovu hugongesha injini na kutoa moshi, sawasawa na pampu iliyokosea. Zipelekwe kupimwa.

5. Nafasi ya valvu. Ipimwe kama kitabu cha injini kinavyosema.

Tena kumbuka mahali unapoishi. Huko Kinangop, penye mwinuko wa karibu mita 2,500, hewa ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa karibu robo. Lori lililopakiwa sana litatoa moshi mweusi na kuchoka mlimani hata kama pampu yake ni sawa kabisa. Dawa yake ni kupunguza mzigo na kutumia gia ya chini mapema. Kusogeza pampu hakuongezi hewa.

JINSI YA KUPIMA

Ikiwa pampu ilitolewa, au nati zake zilikutwa zimelegea, hapana budi kuipima. Njia ifuatayo ni ya pampu ya mstari, yaani ile yenye mabomba yaliyopangwa safu moja juu yake. Pampu ya mviringo, ambayo mabomba yake huizunguka kichwani, ina alama zake za ndani na haipimwi hivi.

Kwanza, tafuta katika kitabu cha injini, au kwenye kibati kilichopigiliwa juu yake, ni digrii ngapi zinazotakiwa. Usitumie hesabu ya lori la jirani. Kila injini ina yake.

Pili, zuia magurudumu kwa mawe, weka gia huru, na ondoa waya wa betri ili injini isiwashwe na mtu. Osha pampu kwa nje. Chembe ya mchanga ikiingia ndani, pampu imekufa.

Tatu, weka pistoni ya silinda ya 1 karibu na juu, katika mpigo wa kukandamiza hewa. Pistoni hufika juu mara mbili, lakini mara moja tu ndiyo ya kukandamiza. Fungua kifuniko cha valvu utazame. Kwa injini ya silinda 6 za mstari, valvu za silinda ya 6 zikiwa zinapokezana, moja ikimaliza kufunga na nyingine ikianza kufungua, silinda ya 1 iko mahali pake. Kwa injini ya silinda 4, tazama silinda ya 4.

Nne, tafuta alama kwenye gurudumu zito la injini au kwenye puli ya mbele. Ikiwa ipo alama ya juu kabisa tu, piga hesabu. Pima mzingo wa puli, gawanya kwa 360, kisha zidisha kwa digrii zinazotakiwa. Kwa mfano, puli yenye mzingo wa milimita 720 ina milimita 2 kwa kila digrii. Digrii 20 ni milimita 40. Chora alama hiyo kwa chaki mahali ambapo itafika kwenye mshale kabla ya alama ya juu.

Tano, ondoa bomba la silinda ya 1 kwenye pampu. Fungua kishikizo chake, toa valvu ndogo na springi yake, uziweke katika kikombe safi chenye dizeli safi. Rudisha kishikizo, na ufunge juu yake kibomba kilichopinda kama shingo ya bata. Mkono wa kuzimia injini uwe wazi, na mkono wa mafuta uvutwe mpaka mwisho.

Sita, rudisha injini nyuma kama robo ya mzunguko, acha dizeli itiririke kupitia kibomba, kisha zungusha injini polepole kuelekea upande wake wa kawaida. Mtiririko utapungua, utakuwa matone, halafu utakatika. Hapo ndipo pampu inapoanza kusukuma. Simama, utazame alama. Ukipita, usirudi kidogo tu. Rudi robo nzima na uje tena, ili ulegevu wa gia usikudanganye. Rudia mara tatu. Majibu matatu yakilingana, umepima.

JINSI YA KUREKEBISHA

Kabla ya kulegeza nati yo yote, piga mstari mmoja unaopita juu ya pampu na juu ya injini. Mstari huo ndio njia yako ya kurudi nyumbani.

Ikiwa dizeli imekatika kabla ya alama, pampu iko mapema. Igeuze kidogo kufuata upande ambao shafti yake inazunguka. Ikiwa imekatika baada ya alama, imechelewa. Igeuze kidogo kupingana na upande huo. Kaza nati, kisha upime upya. Pole pole ndio mwendo. Ikiwa pampu imefungwa juu ya kitako na haigeuki, marekebisho hufanywa kwenye kiungo cha shafti, na kazi hiyo ni ya fundi.

Ukimaliza, rudisha valvu na springi, funga bomba, toa hewa, kisha washa injini.

HATARI

Usiweke kidole wala kiganja mbele ya nozeli inayotoa dizeli, wala usitafute mvujo wa bomba kwa mkono injini ikiwa inaendeshwa. Nguvu ya mafuta hayo hupenya ngozi. Kidonda chaweza kuwa kidogo kama choma ya sindano, lakini mtu apelekwe hospitali mara moja. Akingoja kesho aweza kupoteza mkono.

MASWALI YA KAMATI

1. Lori letu likikosa nguvu, ni mambo gani matano tutakayoangalia kabla ya pampu?

2. Kitabu cha injini yetu kiko wapi, na kinataka digrii ngapi?

3. Nani ameruhusiwa kulegeza nati za pampu?

4. Puli yenye mzingo wa milimita 540 ina milimita ngapi kwa digrii 18? (Jibu: 27.)

Chama kinachoweza kujibu maswali haya kimejikinga na hasara kubwa. Andikeni majibu katika daftari la lori, na dereva awe na nakala yake.