Nani Alikuambia Mungu Ameahidi Hilo?



Leo tujifunze juu ya ahadi za Mungu, na nitaanzia pale ambapo mimi mwenyewe nilizikosea. Mama yangu aliumwa muda mrefu hapa Morogoro mjini. Tulisali novena tatu. Katika siku hizo mtu mmoja niliyemheshimu sana kwa sala zake akanishika bega, akasema, "Mungu amenionyesha, mama yako hafi. Wewe dai ahadi yako." Nikaidai. Nilidai mpaka alfajiri ile simu ilipoita kutoka wodini.

Tulimpandisha mama kwao Mgeta, tukamzika. Niliendelea kwenda Misa wiki chache, kwa aibu tu, kisha nikaacha. Kwaya nikajitoa, watu wa jumuiya nikawa nawakwepa njiani. Ilikuwa karibu mwaka mzima. Sikusema Mungu hayupo. Nilisema hatimizi.

Aliyenitoa huko ni Bibi, mama mzaa mama. Nilipanda kwake mwishoni mwa Oktoba ili niwepo tarehe 2 Novemba, siku ya kuwaombea Marehemu wote. Ukiacha barabara ya Iringa pale Sangasanga unapita Mlali, halafu gari linaanza kuupanda Uluguru kwa kona zinazomfanya mtu asali hata kama alishaacha. Nilimkuta shambani, kwenye mteremko ambao mimi nasimama kwa shida, anapanda njegere. Nikamwamkia. Akaitikia na kunitania kama kawaida yake: "Mume wangu umekonda, huko mjini hawakulishi?"

Usiku, jikoni, nikamtolea yote. "Bibi, Mungu alituahidi mama atapona."

"Nani alikuambia?"

Nikamtaja yule mtu.

"Sijakuuliza huyo. Mungu alisema wapi?"

Nikanyamaza.

"Mimi ndiye niliyemzaa," akasema. "Niliomba apone kuliko wewe. Niliomba, lakini sikuwa nimeambiwa. Nilichoambiwa ni kwamba atafufuliwa. Basi hicho ndicho ninachomdai Mungu mpaka leo."

Usiku ule sikulala vizuri. Nikafungua Biblia kwenye simu, nikamtafuta Abrahamu, maana ndiye tunayetajiwa kila mara kuhusu ahadi. Mwanzo 12: anaondoka Harani ana miaka 75. Mwanzo 21: Isaka anazaliwa, baba ana miaka 100. Miaka 25 ya kungoja! Hiyo wengi tunaijua. Lakini endelea mpaka Mwanzo 23, sura ambayo sikuwahi kuisikia ikihubiriwa kwa vijana. Sara anakufa. Abrahamu, aliyeahidiwa nchi nzima, hana hata mahali pa kumzika mkewe. Analia, kisha anainuka na kununua shamba lenye pango la Makpela kwa shekeli 400 za fedha. Mungu hakuwahi kumwambia kwamba Sara hatakufa. Alimwambia habari ya uzao na nchi, na Abrahamu akaendelea kuamini hayo akiwa na kaburi jipya mkononi. Ndiyo maana Waebrania 11:13 inasema watu hawa walikufa katika imani bila kuzipokea ahadi; walikuwa wameziona kwa mbali tu.

Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 1817, inafundisha kwamba tumaini la kikristo ni kutamani ufalme wa mbinguni na uzima wa milele, tukiweka imani yetu katika ahadi za Kristo. Ahadi za Kristo, sio matakwa yangu niliyoyabandika jina lake. Na namba 2091, inayoeleza dhambi ya kukata tamaa, inakumbusha kwamba Bwana ni mwaminifu kwa ahadi zake. Hapo nilijiona kabisa.

Sasa usinielewe vibaya. Kuomba uponyaji si kosa hata kidogo. Kanisa lina Mpako wa Wagonjwa, na Yesu mwenyewe kule Getsemane aliomba kikombe kimwepuke. Aliomba kweli, kwa jasho. Ila kuomba ni kitu kimoja, na kumwekea Mungu maneno mdomoni halafu kumshitaki kwa kutoyatimiza ni kitu kingine. Mimi nilifanya la pili.

Wiki hii chukua daftari, gawa ukurasa mara mbili. Upande mmoja andika yale unayosema Mungu amekuahidi: kazi, mchumba, chuo, afya. Upande wa pili andika aliyosema kweli. Anza na Yohane 6:54 na Mathayo 28:20. Usiiruke Yohane 16:33, ambako Yesu anasema wazi kwamba duniani tutapata dhiki. Nayo ni ahadi, ingawa sijaona mtu anaidai.

Tarehe 2, baada ya Misa, tulikwenda kaburini. Bibi akaanza Sala ya Matumaini, ile tuliyofundishwa tukiwa wadogo. Kumbe sikuwa nimeisahau. Tulipofika panapotaja kuahidi, sauti yangu ikakwama. Bibi hakuendelea peke yake. Akasimama, akaegemea jembe, ukungu ukipanda kutoka bondeni, akanisubiri mpaka nikaweza kulitamka.