Sevisi ya gari: kwa wakala au kwa fundi wa mtaani?

Mfanyabiashara mwenye pikapu moja ya kusambazia bidhaa huwa anaijua bei ya dizeli, ushuru wa maegesho na posho ya dereva. Akiulizwa gari lake linamgharimu shilingi ngapi kwa mwaka katika sevisi peke yake, mara nyingi hana jibu. Fedha hiyo hutoka kidogo kidogo, pengine bila risiti, na kuandikwa daftarini chini ya neno "matengenezo" pamoja na pancha na kuosha gari.

Somo la wiki hii linahusu fungu hilo. Swali ni la siku nyingi: gari lipelekwe kwa wakala wa mtengenezaji, au kwa fundi wa mtaani ambaye atafanya kazi ileile kwa nusu ya bei?

Kabla ya mwaka 1984 swali hili halikuwa na uzito mkubwa nchini Tanzania, kwa kuwa magari yalikuwa machache na mlango wa kuyaingiza ulikuwa mwembamba. Mwaka huo serikali iliruhusu watu kuagiza bidhaa kwa fedha zao wenyewe za kigeni, na baadaye milango ilipofunguka zaidi, magari yaliyotumika Japani yakamiminika bandarini. Gari la namna hiyo hushuka melini likiwa limekwishamaliza waranti yake, au likiwa na waranti isiyotambulika nje ya Japani. Mwenye gari hana mkataba na wakala yeyote. Yuko huru kuchagua, na uhuru huo umezaa mitaa mizima ya spea na gereji: Gerezani na Ilala jijini Dar es Salaam, Kirinyaga Road jijini Nairobi, na Kisekka jijini Kampala.

Ankara inavyojengwa

Ankara ya wakala ina mafungu manne. La kwanza ni vifaa, yaani oili, filta, plagi na kadhalika, vyote vikiwa na nembo ya mtengenezaji. La pili ni ufundi. Hapa wateja wengi hawafahamu kuwa hawalipii muda ambao fundi ametumia kweli. Wanalipia saa zilizoandikwa kwenye kitabu cha mtengenezaji kwa kazi ile, zikizidishwa kwa bei ya saa moja ya karakana. Fundi akimaliza mapema, faida ni ya karakana. Fungu la tatu ni vitu vidogo vidogo kama matambara, grisi na dawa ya kusafishia. La nne ni VAT, ambayo kiwango chake cha kawaida Tanzania Bara ni asilimia 18.

Kwa fundi wa mtaani hakuna kitabu. Kuna maelewano. Mteja hununua spea mwenyewe au humtuma fundi, kisha hulipa hela ya ufundi baada ya kupatana. Bei ya ufundi huwa ndogo mno, na wateja hujisifu kwa kuishusha zaidi. Wanachosahau ni kwamba fundi naye ana familia. Asipolipwa vizuri kwenye ufundi, atajilipa kwenye spea: ataongeza cha juu, au atanunua filta ya bei ya chini na kuhesabu ya bei ya juu. Anayemwita mteja wake "bosi" asubuhi nzima anajua pia kuwa bosi huyo hatafungua boneti kukagua.

Hesabu ya mfano

Tuchukue pikapu ya dizeli inayokwenda kilomita 30,000 kwa mwaka na kufanyiwa sevisi kila kilomita 5,000, yaani mara sita. Tarakimu zifuatazo ni za mfano tu. Msomaji aweke bei alizopewa yeye.

Kwa wakala, vifaa ni shilingi 260,000, ufundi saa mbili kwa shilingi 60,000 ni 120,000, na vitu vidogo ni 20,000. Jumla ni 400,000. VAT ni 72,000, hivyo mteja hulipa 472,000. Kwa fundi wa mtaani, vifaa ni 190,000 na ufundi 40,000, jumla 230,000. Tofauti ni shilingi 242,000 kwa sevisi moja, au shilingi 1,452,000 kwa mwaka.

Kuna pia muda. Tuseme kwa wakala gari hulala siku nzima, na kwa fundi ni nusu siku. Ikiwa pikapu humwingizia mwenyewe shilingi 80,000 kwa siku baada ya kutoa dizeli na dereva, nusu siku sita za ziada ni shilingi 240,000. Sasa fundi wa mtaani yuko mbele kwa shilingi 1,692,000 kwa mwaka. Wengi huishia hapo, na hapo ndipo wanapokosea.

Upande wa pili wa hesabu ni injini. Tuseme injini inanoki kwa sababu ya oili mbaya au kazi mbovu, na kuifungua na kuitengeneza upya kunagharimu shilingi 4,500,000. Gari linasimama siku 15, ambazo ni shilingi 1,200,000 nyingine. Hasara ni 5,700,000. Ukigawa kwa akiba ya mwaka, unapata miaka mitatu na miezi minne hivi. Maana yake ni kwamba kama fundi huyo ataua injini moja katika muda mfupi kuliko huo, urahisi wake wote umekwisha na mteja ameanza kudaiwa. Kama anakaa miaka sita bila balaa, mteja wake yuko mbele, na hakuna sababu ya kumwonea haya wakala.

VAT hubadili jibu

Mfanyabiashara aliyesajiliwa VAT anapaswa kuifanya hesabu hii mara ya pili. Kodi aliyolipa kwenye sevisi ya gari la mizigo linalotumika katika biashara yake anaweza kuidai kama kodi ya manunuzi, mradi muuzaji naye amesajiliwa na ametoa risiti ya EFD. Kwake yeye ankara ya wakala si 472,000 bali ni 400,000. Tofauti na mtaani inashuka hadi 170,000 kwa sevisi, au 1,020,000 kwa mwaka. Ukijumlisha zile nusu siku, akiba ni 1,260,000, na sasa fundi wa mtaani anatakiwa akae miaka minne na nusu bila kuharibu injini ndipo awe amelipa.

Jambo hili haliwahusu wenye magari madogo ya abiria. Sheria ya VAT ya mwaka 2014, iliyoanza kutumika Julai 2015, inakataza kudai kodi ya ununuzi wa gari la namna hiyo, ya spea zake na ya matengenezo yake, isipokuwa kwa wale ambao biashara yao yenyewe ni magari hayo. Mkurugenzi anayepeleka saluni yake kwa wakala na kuingiza VAT kwenye ritani ya kampuni anajitafutia mzigo siku wakaguzi wakibisha hodi. Wafanyabiashara wadogo wasiofikia kiwango cha kusajiliwa, ambacho mwaka 2023 kilipandishwa kutoka mauzo ya shilingi milioni 100 hadi milioni 200 kwa mwaka, nao hubeba VAT yote mgongoni.

Kinachoua injini

Hatari iliyotajwa hapo juu hailingani kwa kazi zote. Kubadili oili si ufundi mgumu. Kijana wa mwaka mmoja gereji anaweza kuifanya sawasawa na yeyote, na hata kwa wakala kazi hiyo kwa kawaida hupewa fundi wa ngazi ya chini. Tatizo ni kilichomo ndani ya galoni.

Oili ya injini ya petroli hupangwa kwa herufi za API zilizoandikwa kwenye kopo. Daraja la SF, ambalo bado huonekana madukani, halifai kwa injini nyingi za petroli zilizotengenezwa baada ya mwaka 1988. Daraja la SP lilianza mwaka 2020. Injini ya 1NZ-FE iliyomo kwenye IST, Probox na Spacio nyingi ina mfumo wa VVT-i unaoendeshwa kwa msukumo wa oili hiyohiyo, kupitia vijitundu vyembamba. Ukiitilia oili nzito ya kupima kutoka kwenye pipa, umeokoa shilingi elfu chache katika lita zisizofika nne. Vilevile gari lenye giaboksi ya CVT lina oili yake maalumu. Fundi anayetia ATF ya kawaida kwa kuwa "zote ni nyekundu" huiua giaboksi kabisa.

Kwa dizeli, la kuogopwa zaidi ni mkanda wa taiming. Injini kama 5L ya Hiace na Hilux hutumia mkanda, na kwa kawaida mtengenezaji huagiza ubadilishwe kila kilomita 100,000. Ndiyo maana magari mengi ya aina hiyo yana taa ya T-BELT kwenye dashibodi. Mkanda ukikatika njiani, pistoni hugonga valvu, na hasara ya mfano wetu inakuwa halisi. Gari lililonunuliwa bila kumbukumbu zake, huku mita ya kilomita ikiwa imeguswa, lihesabiwe kuwa halijabadilishwa mkanda. Kazi hii ndiyo inayostahili kulipiwa karakana yenye vifaa na jina la kulinda, iwe ya wakala au si ya wakala.

Njia ya katikati

Kati ya wakala na mwembe kuna njia ambayo wenye daladala na teksi wameifahamu zamani. Kaunta ya spea ya wakala humuuzia mtu yeyote. Kwa tarakimu za mfano wetu, vifaa vya 260,000 pamoja na VAT ni 306,800. Ukimpa fundi anayeaminika 40,000, sevisi ni 346,800. Mteja ameokoa 125,200 dhidi ya ankara ya wakala, sawa na 751,200 kwa mwaka, na kilichoingia kwenye injini ni kilekile. Mwenye nia ya kudumu na fundi mzuri angefanya vema kumwongezea hela ya ufundi na kumwondolea kishawishi cha cha juu.

Njia nyingine ni kununua spea za viwanda vinavyomtengenezea mtengenezaji mwenyewe. Denso, Aisin na NGK huuza bidhaa zao pia katika boksi zao wenyewe, kwa bei ambayo kwa kawaida iko chini ya ile ya boksi lenye nembo ya gari. Tatizo ni kwamba boksi hizo nazo huigwa. Tume ya Ushindani ina mamlaka ya kukamata na kuteketeza bidhaa bandia chini ya Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963, lakini haiwezi kusimama katika kila duka la Gerezani. Anayenunua kwa risiti, katika duka lilelile kila mara, anajua pa kurudi. Galoni ya oili ifunguliwe mbele ya mwenye gari, na ikishamwagwa itobolewe ili isijazwe tena.

Wakala naye si malaika. Mteja anayeacha gari na kusema "fanya sevisi" amesaini hundi isiyo na kiasi. Atarudi akute limesafishwa nozeli, limebadilishwa pedi za breki zenye nusu ya unene, na kutiwa dawa ambazo kitabu cha gari hakikuzitaja. Aombe makadirio kwa maandishi kabla kazi haijaanza, na aagize kuwa lolote la ziada lisubiri simu yake. Spea zilizotolewa arudishiwe.

Kwa gari jipya mambo ni tofauti. Waranti ya miaka mitatu au kilomita 100,000 ni mali, na mnunuzi asome mkataba wake kabla ya kuihatarisha kwa akiba ya sevisi mbili. Nchini Marekani sheria ya mwaka 1975 ilikataza mtengenezaji kufunga waranti na huduma za wakala wake tu. Afrika Kusini nayo ilitoa mwongozo ulioanza Julai 1, 2021, unaomruhusu mteja kutumia gereji huru bila kupoteza waranti nzima. Nje ya nchi zenye kinga ya aina hiyo, kinachotawala ni kilichoandikwa kwenye mkataba.

Hata mwenye gari la zamani ana sababu moja ya kupita kwa wakala akiwa na namba ya chesisi. Vifaa vya Takata vya kufyatulia mifuko ya hewa, ile eabegi ya kwenye usukani na upande wa abiria, viliitwa kurudi kiwandani duniani kote, takriban milioni 67 Marekani peke yake. Magari ya Japani ya aina zinazotembea Dar es Salaam na Mombasa yamo. Baruti ya vifaa hivyo huharibika upesi zaidi kwenye joto na unyevunyevu. Namba ya chesisi ndiyo inayoonyesha kama gari limo kwenye orodha na kama lilishabadilishiwa kabla ya kupakiwa melini, na kuuliza kaunta hakuhitaji kuagiza sevisi.