Kusogea, Kulegea na Kucheza: Istilahi za Kupima Goti Bandia kwa Picha za Kitabibu, kwa Kurejelea Kitengela na Kajiado

1.0 Utangulizi

Sheria ya Afya ya Kenya ya mwaka 2017 inamtaka mhudumu wa afya, inapowezekana, amweleze mgonjwa hali yake kwa lugha anayoielewa. Sharti hili lina uzito wa pekee katika Kaunti ya Kajiado. Kitengela, mji ulio kando ya barabara ya Namanga, umekusanya watu wa jamii nyingi wanaounganishwa na Kiswahili. Mjini Kajiado na viungani mwake, wengi huzungumza Kimaasai nyumbani, na Kiswahili huwa daraja baina yao na daktari. Makala haya yanachunguza jinsi Kiswahili kinavyoweza kueleza upimaji wa msogeo wa goti bandia kwa kutumia picha za kitabibu.

2.0 Kinachopimwa

Goti bandia la kawaida lina kipande cha metali kinachofunika ncha ya fupa la paja, sahani inayokaa juu ya muundi, na plastiki ngumu katikati. Mara nyingi vipande hivi hushikizwa kwa saruji ya mfupa. Jina hili halimpi taabu mkazi wa Kitengela, jirani wa viwanda vya saruji vya Athi River.

Hapa pana mambo mawili yasiyopaswa kuchanganywa. La kwanza ni mwendo wa kiungo, yaani goti kukunjwa na kukunjuliwa; huo ndio unaotakikana. La pili ni msogeo wa pandikizi juu ya mfupa uliolibeba. Msogeo mdogo katika mwaka wa kwanza ni jambo la kawaida, kwani pandikizi hutafuta makao yake. Linalotia shaka ni msogeo unaoendelea baadaye.

3.0 Namna ya kupima

Eksirei ya kawaida hudhihirisha mfupa na metali, lakini mguu ukilazwa tofauti kidogo siku ya picha ya pili, mabadiliko ya milimita moja hayaaminiki. Tatizo hili lilitatuliwa na Göran Selvik wa Lund, Sweden, katika tasnifu yake ya mwaka 1974. Katika mbinu yake, daktari hupachika mfupani vipira vya tantali vyenye kipenyo cha takriban milimita 1 wakati wa upasuaji. Kisha goti hupigwa eksirei mbili kwa wakati mmoja kutoka pembe mbili, na mahali pa pandikizi hukokotolewa kwa kulinganishwa na vipira hivyo. Picha ya kwanza ndiyo msingi. Zinazofuata miezi na miaka baadaye husomwa dhidi yake.

Uchambuzi wa Pijls na wenzake uliochapishwa mwaka 2012 ulihusisha msogeo wa sahani ya muundi katika mwaka wa kwanza na haja ya kurudia upasuaji. Wastani usiozidi milimita 0.5 ulionekana kukubalika. Uliozidi milimita 1.6 haukukubalika. Ni vyema kusisitiza kuwa viwango hivi hupima aina ya pandikizi kwa kundi la wagonjwa. Si hukumu ya goti la mtu mmoja.

Siku hizi skani ya CT nayo hutumika. Kompyuta hulinganisha mfupa na mfupa katika skani mbili, kisha hupima tofauti ya mahali pa pandikizi, bila kuhitaji vipira. Aidha, goti linaweza kupigwa skani likiwa limezungushwa kwa nguvu ndogo ndani, kisha nje, ili kuona kama pandikizi linatikisika.

4.0 Uteuzi wa istilahi

Tafsiri sisisi ya istilahi ya kigeni ingezaa "uhamiaji wa pandikizi". Neno hilo lingempeleka msikilizaji kwenye ofisi ya pasipoti. "Msogeo" linafaa zaidi kwa sababu hubeba umbali mdogo unaopimika. "Kulegea" litengewe hali ya pandikizi kupoteza mshiko wake mfupani. "Kuteguka" lisitumiwe hapa, kwa kuwa hutaja kiungo kilichoacha mahali pake.

Lugha ya mtaani nayo ina hazina. Msemaji husema jino linacheza au gurudumu linacheza, akimaanisha kuwa kitu kimeshikwa lakini hakijakazwa. Mgonjwa akisema "goti linacheza", ametoa dalili inayostahili kuchunguzwa. Hata hivyo, kauli hiyo si kipimo: huenda kano ndizo zilizolegea, nalo pandikizi limeshika barabara.

5.0 Hitimisho

Istilahi hizi zinagusa uamuzi wa mgonjwa. Aambiwapo tu kwamba "goti limesogea", anaweza kudhani upasuaji umeharibika. Aambiwapo tu kwamba "goti halijambo", anaweza kuona hana haja ya kugharimia nauli ya kurudi kupigwa picha, hasa akiwa hana maumivu. Ilhali pandikizi linaweza kuanza kulegea kabla ya maumivu kujitokeza, na picha moja pekee haiwezi kuonyesha msogeo. Kauli iliyo wazi zaidi ni hii: "Goti lako linakunjika vizuri, tunataka picha nyingine ili tulinganishe na ya kwanza, tuone kama chuma bado kimeshika mfupa." Mwanafunzi wa Kiswahili anayesanifu istilahi za tiba hana budi kuzijaribu katika sentensi kama hiyo, mbele ya msikilizaji wa Kitengela na wa Kajiado, kabla ya kuziingiza kamusini.