Ndege 96 za Qatar: Mkataba wa Silaha Unasomwaje?

Pale kwenye vimbweta, mada ya Qatar haimalizi dakika tano kabla mtu hajasema, "Hizo hela si wangejenga shule!" Nimeisikia kauli hiyo mara nyingi mno, nikaona bora niandike. Kwa nchi kama yetu ni swali la haki kabisa. Kwa Qatar halifiki popote, maana shule wanazo, na wameleta mpaka matawi ya vyuo vikuu vya Marekani wakayaweka eneo moja pale Doha. Swali lenye uzito ni hili: nchi yenye raia laki tatu na kitu (wengine wote ni wageni waliokwenda kutafuta maisha), ndogo kwa eneo kuliko Mkoa wa Kilimanjaro, inataka nini na ndege za kivita 96 za aina tatu tofauti?

Tuanze na hesabu. Mpaka mwaka 2015 jeshi la anga la Qatar lilikuwa linategemea ndege 12 za Mirage 2000 kutoka Ufaransa. Mei 2015 wakasaini mkataba wa Rafale 24, Wafaransa haohao, kwa yuro bilioni 6.3. Juni 2017 wakasaini F-15 za Marekani, 36. Desemba mwaka huohuo, ndani ya wiki moja tu, wakaongeza Rafale 12 na kununua Typhoon 24 kupitia Uingereza. Jumlisha mwenyewe: 96. Ni mara nane ya zile walizoanza nazo.

Sasa hapa kwenye bei ndo wengi tunapotelea. Ukichukua yuro bilioni 6.3 ukagawanya kwa 24, unapata zaidi ya yuro milioni 260 kwa ndege moja, halafu unaenda kuwaambia wenzako kwamba Rafale inauzwa hivyo. Sivyo. Ndani ya fedha hizo kuna makombora, kuna mafunzo ya marubani na mafundi, kuna huduma. Angalia F-15: barua iliyosainiwa Juni 2017 ilitaja dola bilioni 12. Desemba, mkataba ambao wizara ya ulinzi ya Marekani iliipa kampuni ya Boeing kwa ajili ya ndege zilezile 36 ulikuwa wa dola bilioni 6.2. Hakuna aliyedanganya. Ni kama mtu akuambie harusi yake imekula milioni kumi, wewe uende kutangaza kuwa gauni la bibi harusi ni milioni kumi. Kwa hiyo ukikutana na bei ya silaha kwenye habari, swali la kwanza ni: ndani ya hiyo bei kuna nini?

Na hiyo "huduma" usiipite haraka, maana ndiyo kiini cha jambo lote. Ndege ya kivita si kama bati, ukishalipia ni lako. Itaruka miaka thelathini na zaidi, na miaka yote hiyo itadai vipuri, programu mpya za kompyuta zake na makombora ya kujazia. Vyote vinatoka kwa muuzaji. Muuzaji akinuna, una chuma cha kupiga nacho picha. Mfano uko ng'ambo ya pili ya Ghuba, kwa majirani wa Qatar. Iran ya wakati wa Shah ilipokea kutoka Marekani ndege 79 za F-14, ambazo wakati ule zilikuwa miongoni mwa ndege bora duniani. Yakaja mapinduzi ya 1979, urafiki ukafa, vipuri vikakatwa. Toka hapo mafundi wa Iran wakawa wanafungua ndege moja ili kuiponya nyingine. Kwa mtazamo wangu, anayetaka kuelewa kwa nini Qatar ilinunua kwa watu watatu badala ya mmoja aanzie hapo.

Maana kiufundi, kununua aina tatu ni mateso. Rafale ina injini yake, F-15 yake, Typhoon yake. Ghala tatu za vipuri, mafunzo ya aina tatu, mafundi wa aina tatu, katika nchi ambayo raia wake wote wangeenea kwenye manispaa moja ya Dar es Salaam na nafasi ikabaki. Mhasibu yeyote angegoma kusaini. Lakini hebu tazama orodha ya wauzaji: Marekani, Uingereza, Ufaransa. Hao ni watatu kati ya wajumbe watano wa kudumu wa Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa. Kila mkataba unabeba ajira kwenye viwanda vya nchi hizo, na mwanasiasa wa kule akifikiria kuigeuka Qatar lazima ajiulize atawaambia nini wafanyakazi wa jimboni kwake.

Tarehe zenyewe zinasema. Tarehe 5 Juni 2017, Saudi Arabia, Falme za Kiarabu, Bahrain na Misri zilivunja uhusiano na Qatar, zikiituhumu kufadhili ugaidi, tuhuma ambazo Qatar ilizikana. Mpaka wa nchi kavu, ambao Qatar inao mmoja tu, ule wa Saudia, ukafungwa. Anga ikafungwa. Maziwa yalikuwa yanatoka Saudia, ikabidi ng'ombe wapandishwe ndege kupelekwa Doha. (Huu si utani, ng'ombe walisafiri kwa Qatar Airways.) Rais Trump mwanzoni alisimama na waliofunga mipaka, akasema hadharani kwamba Qatar imekuwa mfadhili mkubwa wa ugaidi. Haikupita hata wiki moja tangu aseme hivyo, tarehe 14 Juni, waziri wake wa ulinzi akasaini na mwenzake wa Qatar ile barua ya dola bilioni 12.

Sasa ukisema ndege zile zilinunuliwa ili kujikinga na wale majirani wanne, kalenda inakukatalia. Vizuizi viliondolewa Januari 2021 kwa makubaliano ya Al-Ula. F-15 za kwanza zilitua Qatar mwishoni mwa mwaka huo, ugomvi ukiwa umekwisha. Kilichofika mapema mwaka 2017 kilikuwa ni askari wa Uturuki, ambao bunge lao liliidhinisha waende siku mbili tu baada ya vizuizi kutangazwa. Kilichokuwepo tayari ni kambi ya Al Udeid, ambako Marekani ina askari wapatao 10,000, na ambayo Qatar yenyewe imeigharimia kwa mabilioni ya dola. Saini ya F-15 ilifanya kazi siku ileile iliposainiwa. Ndege zilifuata miaka minne baadaye.

Je, ulinzi wa namna hiyo unashika? Mwaka 2025 ulijibu mara mbili. Tarehe 23 Juni Iran ilirusha makombora kuelekea Al Udeid, ikilipiza mashambulizi ya Marekani kwenye vituo vyake vya nyuklia. Yaani ile kambi ya kumlinda mwenyeji ndiyo iliyomletea kombora. Karibu yote yalidunguliwa. Tarehe 9 Septemba likaja zito zaidi: Israel ilishambulia jengo ndani ya Doha, ikiwalenga viongozi wa Hamas waliokuwa kwenye mazungumzo ambayo Qatar yenyewe ilikuwa msuluhishi. Askari wa usalama wa Qatar akafa pamoja na wengine. Ndege 96 hazikuzuia. Waziri Mkuu wa Qatar alisema simu ya Marekani ya kumpa taarifa iliingia dakika kumi baada ya shambulio kuanza. Kumbuka pia kwamba F-15 zile zilichukua miaka kuidhinishwa, na sheria ya Marekani inataka silaha zinazouzwa eneo lile zisiipunguzie Israel ubora wake wa kijeshi. Kwa maneno mengine, uliuziwa panga na mtu aliyehakikisha kwanza kwamba halitamfikia rafiki yake.

Kuna wanaosema basi fedha zilipotea. Mimi sikubaliani nao moja kwa moja. Tarehe 29 Septemba Waziri Mkuu wa Israel aliomba radhi kwa simu akiwa Ikulu ya Marekani, na Trump alisaini amri inayosema shambulio lolote dhidi ya Qatar litahesabiwa kuwa tishio kwa amani na usalama wa Marekani. Nchi ngapi ndogo zinazopigwa bomu hupata hata radhi? Ila amri ya rais si mkataba uliopitishwa na Seneti. Rais ajaye anaweza kuifuta asubuhi moja.

Sisi wa elimu tuna mfano wetu wa jambo hilohilo. Vile vyuo vya Marekani pale Doha navyo ni nyuzi za kufungia urafiki. Februari 2024 bodi ya Texas A&M ilipiga kura kulifunga tawi lake la Doha ifikapo 2028, ikitaja hali ya usalama ya Mashariki ya Kati. Uzi mmoja ukakatika kwa kura ya bodi moja, huko Texas.

Tukifundisha mada hii kidato cha tano, mimi ningewapa wanafunzi kalenda kabla ya kuwapa picha za ndege. Wapange wenyewe: saini, vizuizi, ndege kufika, makombora. Halafu niwaulize nani yuko chini ya anga hiyo, maana humo wamo walinzi, wafagizi na madereva kutoka Kenya na Uganda, na hakuna mkataba kati ya hiyo mitatu uliowaza habari zao.

Mistari ya mwisho ya kalenda hiyo ingekuwa ya Oktoba 2025, Marekani ilipotangaza kwamba Qatar itajenga kituo cha F-15 zake na marubani wake katika kambi ya Mountain Home, jimbo la Idaho. Qatar ina urefu wa kilomita 160 hivi toka kusini hadi kaskazini, na F-15 humaliza umbali huo kwa dakika chache. Anga ya kufanyia mazoezi, nayo, imebidi itafutwe kwa muuzaji.