Motakaa ya Mtoto

Upande wa mashariki wa Ufaransa, karibu na mpaka wa Ujerumani, uko mji mdogo uitwao Molsheim. Mwaka 1909, nchi ile ilipokuwa bado chini ya Wajerumani, fundi mmoja jina lake Ettore Bugatti, mzaliwa wa Milan katika Italia, alianzisha hapo kiwanda cha motakaa. Baba yake, Carlo, alikuwa fundi mashuhuri wa viti na makabati, na ndugu yake, Rembrandt, alifanya sanamu za wanyama. Basi Ettore alikulia katika nyumba ambamo kazi ya mkono ilitazamwa kwa jicho kali. Motakaa zake zilikuwa nyepesi, tena za mbio. Iliyosifiwa kupita zote ni ile iliyotoka mwaka 1924, iliyoitwa Type 35, yenye mwili mwembamba, mkia uliochongoka na magurudumu ya alumini.

Mtoto wake wa mwisho, Roland, alizaliwa mwaka 1922. Mwaka 1926, alipotimiza miaka 4, baba yake pamoja na kaka yake Jean walimtengenezea motakaa yake mwenyewe. Haikuwa sanduku lililopakwa rangi na kutiwa magurudumu. Ilikuwa ni ile ile Type 35, ila vipimo vyake vilikatwa nusu. Ilikuwa na usukani wa kweli, na breki katika magurudumu yote manne. Jambo kubwa walilobadili ni mtambo. Motakaa kubwa ilikuwa na injini ya petroli ya silinda 8, nayo hupata moto, hutoa moshi, na kuiendesha ni kazi ya mtu mzima. Kitu cha namna hiyo hakiachwi mikononi mwa mtoto. Basi wakatia mota ya umeme na betri ya volti 12.

Wageni waliofika Molsheim kununua motakaa zao waliiona ile ndogo, wakataka ya namna hiyo kwa watoto wao. Lakini ilikuwa imepimwa kwa mwili wa Roland kama kanzu, na watoto wakubwa kidogo hawakuenea ndani. Ikabidi kuirefusha, ndipo ikauzwa tangu mwaka 1927 hata 1936, na zote zilizotengenezwa zapata kama 500.

Kazi ile ilifanywa na kiwanda kizima. Walakini babu aliye na msumeno, nyundo na subira aweza kumjengea mjukuu wake gari la umeme, na mababu wengi wamefanya hivyo. Mwili wa gari ni useremala tu, wala hauna siri. Yako mambo mawili ayajue kwanza: jinsi umeme unavyozungusha gurudumu, na jinsi gari litakavyosimama. La kwanza ni jepesi kuliko la pili.

Ndani ya mota mna sumaku zisizotembea, zimekaa pembeni, na katikati mna mhimili uliozungushiwa waya mwingi wa shaba. Umeme upitapo katika waya, waya ule hugeuka sumaku kwa muda. Sumaku za pembeni huuvuta huku na kuusukuma kule, nao mhimili hauna budi kuzunguka. Kabla haujatulia, vipande vya kaboni vinavyougusa hugeuza njia ya umeme, ukaanza kuvutwa upya. Na hivyo hivyo maadamu umeme unapita. Nyaya mbili zitokazo kwenye betri zikibadilishana mahali, mota huzunguka kinyume, na gari hurudi nyuma.

Hapa ndipo fundi mgeni akoseapo. Mota ndogo huzunguka upesi mno, labda mara 2,000 kwa dakika. Gurudumu ambalo toka ukingo hata ukingo ni sentimita 25 hupita sentimita 78 na nusu kila lizungukapo mara moja. Kama likifungwa moja kwa moja katika mota, hesabu yaonyesha lingekwenda mita 1,570 kwa dakika, yaani kilomita 94 kwa saa! Kwa kweli lisingekwenda popote: mota isingekuwa na nguvu ya kuling'oa gari mahali pake, na waya wake ungeungua. Kwa hiyo hutiwa minyororo na magurudumu ya meno, kama ya baiskeli. Gurudumu la meno 10 huvuta la meno 40, mwendo ukapungua mara 4. Kisha jingine la meno 10 huvuta la meno 50, ukapungua mara 5 tena. Mara 4 kwa 5 ni 20. Sasa gurudumu la gari huzunguka mara 100 tu kwa dakika, na gari huenda kama kilomita 4.7 kwa saa. Na kadiri mwendo ulivyopungua ndivyo nguvu ilivyozidi, ila ile ipoteayo katika msuguano. Motakaa za Molsheim zilikwenda upesi kuliko hivyo. Lakini babu ana magoti ya babu, na gari lisimpite.

Betri ya volti 12 haimwui mtu aiguse kwa mikono mikavu, na kwa sababu hiyo yafaa. Umeme wa nyumbani usiingizwe kamwe katika gari la mtoto. Hata hivyo volti 12 zaweza kuchoma nyumba, kwa maana nyaya mbili zikigusana, umeme hupita kwa wingi hata waya ukawa mwekundu kama kaa la moto. Basi karibu na betri hutiwa fyuzi, yaani kijiwaya ambacho kazi yake ni kuyeyuka kabla ya vingine vyote. Betri yenyewe, kwa kuwa ni nzito, huwekwa chini, katikati, gari lisije likapinduka penye kona.

Sasa kusimama. Chini ya mguu wa mtoto hutiwa pedali yenye springi: akikanyaga, umeme hupita, akiinua mguu, hukatika. Yaonekana inatosha, lakini haitoshi. Mtu mzima akiona hatari huondoa mguu. Mtoto wa miaka 4 hushtuka, akakaza mwili wote, na mguu ukazidi kukanyaga. Kwa hiyo babu hutia swichi ya pili nyuma ya kiti, yenye kamba ndefu aishikayo mkononi atembeapo nyuma ya gari. Akiivuta, umeme hukatika hata kama pedali imekanyagwa. Tena mteremkoni kukata umeme si kusimama, maana gari huendelea kwa uzito wake. Ndiyo sababu mafundi wengine hutumia mota zilizotolewa katika viti vya umeme vya watu wasioweza kutembea. Nyingi za mota hizo zina breki ya ajabu: umeme ndio uifunguao, na umeme ukikatika springi huifunga yenyewe, gari likasimama pale pale.

Kazi ikiisha, gari huinuliwa juu ya matofali, magurudumu yakazungushwa hewani. Kisha hushushwa chini, na juu ya kiti hufungwa gunia la mchanga la kilo 20, lipitalo kidogo uzito wa mtoto wa miaka 4. Gunia hilo ndilo abiria wa kwanza. Huendeshwa uwanjani, huzungushwa konani, hupelekwa mteremkoni, na kamba huvutwa mara nyingi, huku mjukuu amesimama mlangoni akiuliza kama zamu yake haijafika. Gunia likiteremka salama, babu hulifungua, humwaga mchanga, na kumwita.